Kengele ya Ng'ombe na Farasi wa Boma

Hadi alipofikia uzee, baba yangu hakukubali kamwe kwamba farasi wa boma alifundishwa na ng'ombe kutembea. Mambo mengine yote alikuwa radhi kuyakiri: kwamba mafuta yalikuwa ya mama, kwamba tembe ilikuwa ya mjomba, kwamba mimi ndiye niliyetoka mbele ya watu siku ile. Lakini likitajwa suala la ng'ombe, alinyoosha kanzu yake magotini na kusema, "Farasi ni farasi. Alikumbuka mwenyewe." Na mama, popote alipokuwa, alicheka hadi akajishika mbavu.

Nayaandika haya nikiwa mwanamke wa makamo, mwalimu ambaye goti lake limeanza kulalamika kila akipanda ngazi za darasani. Asubuhi nilichuapo goti hilo kwa mafuta ya joto, mkono wangu hufuata njia uliyoiona utotoni, kutoka chini kwenda juu, taratibu, kwa kitako cha kiganja. Njia hiyo sikuipata chuoni. Niliipata Miyuji, katika enzi ya Wadachi, nikiwa nimesimama mbele ya kichwa cha farasi mgonjwa.

Miyuji ya wakati huo ilikuwa kijiji cha tembe chache, nyumba za udongo zenye paa bapa, mbali kidogo na Dodoma penyewe, ambako reli ilikuwa imefika si muda mrefu. Mama alikuwa Mgogo, mzaliwa wa hapo hapo. Watu walimfahamu kwa mikono yake: mwanamke akijifungua, mama aliitwa kumkanda, mzee akikazana kiuno, aliitwa kumchua. Baba alikuwa Mswahili wa pwani. Alipanda bara na msafara akiwa kijana, baada ya kulelewa katika banda la farasi la tajiri mmoja wa Bagamoyo, na ujuzi huo ndio uliompa kazi ya usaisi, yaani kutunza wanyama wa kupandwa pale bomani. Nyumbu wa mizigo walikuwa kadhaa. Farasi alikuwa mmoja tu, kwa sababu nchi yetu haikuwa na huruma na farasi. Wengi waliletwa, na maradhi yakawamaliza kabla watu hawajawazoea. Huyo mmoja, mwekundu kama udongo wa kichuguu, baba alimpenda kwa namna ambayo mama aliisema waziwazi.

"Mimi nina mke mwenzangu," aliwaambia jirani zake, "na ana miguu minne."

Mwishoni mwa mavuno ya mwaka mmoja, Bwana Shauri, Mdachi aliyetawala boma, alimpanda farasi kwenda kuwinda. Walipokuwa wakivuka korongo kavu, ukingo ulimeguka. Farasi alianguka huku mguu wake wa nyuma wa kulia ukienda upande wake na mwili ukienda upande mwingine. Mpandaji alitoka na michubuko. Farasi alirudi akirukaruka kwa miguu mitatu, na wa nne ukining'inia, ncha ya ukwato ikigusa vumbi tu.

Baba alimpapasa kuanzia nyongani hadi kwatoni, akamwapia Bwana Shauri kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Bwana Shauri alikuwa karibu kuondoka kwa safari ndefu ya ukaguzi upande wa Kondoa, hadi Busi na vijiji vya mbele yake. Alimsikiliza baba, kisha akatoa hukumu kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula.

"Mimi nitarudi kabla ya mvua. Nikirudi, farasi huyu anakwenda vizuri mbele yangu, au anapigwa risasi. Na saisi asiye na farasi si saisi. Wewe utakwenda reli, kuchimba tuta, upande wa Tabora."

Kila mtu Dodoma alijua maana ya kwenda kuchimba tuta. Baadhi ya waliokwenda walirudi. Baba, ambaye kifua chake kilikuwa kimeanza kukohoa kila upepo wa kipupwe ulipovuma, hakudhani kwamba angekuwa miongoni mwa watakaorudi. Hakulisema hilo mbele yangu, ila nilimsikia mama akilisema kwa niaba yake alipokuwa akisaga, akizungumza na jiwe la kusagia.

Mwanzoni baba alifuata yale aliyofundishwa pwani. Alimfunga farasi bandani asisogee, akamwagia mguu maji ya baridi, akamlisha kwa mkono, akangoja. Uvimbe ulipungua, na sote tulifurahi. Lakini farasi hakuweka mguu chini. Siku zikapita, na paja la ule mguu likaanza kunyauka. Mama alipompelekea baba chakula, aliinama chini ya komeo la banda, akatazama paja moja, kisha la pili, kisha la kwanza tena.

"Baba mtoto," alisema, "huyu mnamtibu au mnamkausha?"

"Anapumzika."

"Amepumzika vya kutosha. Nyama isiyofanya kazi hulala, na ikilala sana husahau kuamka. Nipe nimkande."

Baba alicheka kwa uchungu. "Huyu si mzazi aliyejifungua jana, mama."

"Kwani paja ni la nani? Paja ni paja."

Mkuu wa askari waliobaki bomani alikuwa ombasha mmoja mwenye sharubu zilizopakwa mafuta, mtu asiyeweza kukaa kimya pakiwa na jambo la kuchekwa. Baba alipomwomba ruhusa ya kumpeleka farasi Miyuji, ambako pangekuwa na utulivu na mikono ya mke wake, ombasha alizungusha sharubu yake.

"Mpeleke, saisi, mpeleke. Akifia huko, fisi wenu wataniletea salamu za shukrani."

Safari hiyo ambayo mtu mzima huimaliza kabla jua halijapanda sana, sisi ilituchukua kutwa nzima. Tulifika ng'ombe wakiwa wanarudi malishoni. Mjomba, kaka yake mama na mwenye tembe, alitoka nje, akamzunguka farasi kama mtu anayekagua mahari.

"Mbukwenyi," alitusalimu Kigogo, kisha akamgeukia baba kwa Kiswahili ili mzaha usipotee. "Shemeji, umetuletea mgeni gani? Hana pembe, hana maziwa, na nyama yake hailiwi. Hata kuchekea wenyeji hajui."

"Shemeji, huyu ndiye mkate wangu."

"Basi mkate wako una chawa. Mwingize ndani kabla fisi hawajaupaka asali."

Kesho yake kazi ilianza, na kuanzia hapo kila asubuhi ilifanana na iliyotangulia. Mama alikaanga pumba za uwele pamoja na chumvi katika chungu kipana, akazitia katika gunia, akaupima ujoto wake kwa shavu lake mwenyewe, kisha akaliweka gunia juu ya paja lililonyauka. Joto lilipoingia, alipaka samli mikononi akaanza kuchua, kutoka goti la nyuma kwenda nyongani, akitafuta kwa vidole mahali palipokaza kama kamba yenye mafundo. Alipolipata fundo hakulishambulia. Alilikalia kwa kiganja, akangoja, akaimba kwa chini ule wimbo wake wa kusagia, na baada ya muda fundo lilikubali.

Kazi yangu ilikuwa masikio. Mama, akiwa nyuma, hakuweza kuuona uso wa farasi. Kwa hiyo mimi nilisimama mbele na kumwambia hali ilivyo.

"Masikio?" aliuliza.

"Yamesimama, mama."

Akapunguza nguvu. "Sasa?"

"Moja limelala. La pili bado."

"Mwambie la pili lisiwe na kiburi."

Chuoni, miaka mingi baadaye, nilijifunza majina ya misuli na jinsi damu inavyopita ndani yake, na nilifurahi kuyajua majina hayo kama mtu anavyofurahi kutajiwa jina la jirani ambaye amemzoea kwa sura. Lakini ujuzi wa kutazama kiumbe asiyesema, na kujua ni wapi maumivu yanakoma na hofu inaanza, niliutoa katika masikio yale mawili mekundu.

Isidhaniwe kwamba baba alikaa kando. Ugomvi wao wa kila siku ulikuwa juu ya upande. Mama, kama Wagogo wote wa kwao, alimwendea ng'ombe kwa kulia alipokamua, naye akamwendea farasi kwa kulia. Baba alikaribia kuzimia.

"Farasi haendewi kulia! Kushoto! Farasi ni mtu wa adabu, hushikwa kushoto!"

"Mguu unaouma uko wapi?"

"Kulia."

"Basi adabu imsubiri huko kushoto."

Mwishowe walipatana. Baba alianza kushoto, begani, akimzungumzisha farasi kwa maneno ya pwani, na mama akazunguka nyuma kwa mbali huku akimgusa ili ajue yuko wapi. Baba ndiye aliyeijua hila ambayo mama asingeithubutu: aliinua mguu wa nyuma ulio mzima kwa muda wa pumzi tu, ili uzito wote uegemee ule mbovu, kisha akaurudisha kabla farasi hajaogopa. Mama naye alisimama ubavuni na kuisukuma nyonga polepole, huku na huku, kama mtu anayebembeleza mtoto mgongoni. Farasi alianza kuukumbuka mguu wake. Aliusimamia. Ila hakutaka kuutembelea. Baba alivuta hatamu, akabembeleza, akapiga ulimi kinywani, akaonyesha mtama; farasi alinyoosha shingo hadi mwisho wake, na miguu ikabaki pale pale.

Asubuhi moja tulichelewa kidogo, mjomba akafungua zizi wakati sisi tukiwa bado uani na farasi. Ng'ombe wa mjomba walikuwa na kiongozi, jike kubwa jeusi lenye baka jeupe ubavuni na kengele ya chuma shingoni, kengele yenye sauti nzito iliyokwaruza kidogo. Jike hilo lilitoka kwanza, kengele ikagonga, na wengine wakafuata. Nilikuwa mbele ya kichwa cha farasi, kwa hiyo niliona kabla ya mtu yeyote. Masikio yote mawili yaligeuka pamoja. Shingo ikapanda. Ng'ombe wa mwisho alipopita langoni, farasi alitoa sauti ndogo puani na kuweka ukwato wake wa nyuma wa kulia chini, wote, bapa.

"Mwachie," mama alinong'ona.

"Atakimbia, ataumia."

"Mwachie, baba mtoto. Nani apendaye kubaki peke yake uani, wenzake wakiondoka?"

Baba alilegeza kamba. Farasi akatoka langoni, akichechemea, akijikwaa, lakini akitembea, nyuma ya ng'ombe wa Kigogo kama mtoto aliyechelewa.

"Bahati tu," alisema baba, akijifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Vumbi la nchi hii ni baya."

Toka hapo farasi wa serikali ya Wadachi akawa anachungwa. Mjomba hakuwa na mtoto wa kiume wa umri wa kuchunga, na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka ng'ombe malisho ya karibu. Sasa nikaongezewa farasi. Tulikwenda hadi kwenye mto wa mchanga, mahali watu walipochimba visima, ambapo mchanga ulikuwa na unyevu na ulimlazimisha kuvuta kila mguu kwa nguvu bila kumwumiza kwato. Tuliporudi tulipita katika shamba lililovunwa. Mama alikuwa amefunga mabua ya uwele matita matita na kuyalaza kwa mistari, kwanza membamba, kisha manene zaidi kadiri siku zilivyokwenda. Ng'ombe waliyaruka kwa uvivu. Farasi, ambaye alikuwa amezoea kuburuta ncha ya ukwato, alijikwaa kwenye tita la kwanza, akafikiri, na kwenye la pili akainua goti. Watoto wenzangu walisimama juu ya kichuguu wakapiga kelele.

"Tazameni ng'ombe wa Wadachi! Amepoteza pembe zake!"

"Kamueni! Kamueni bia!"

Niliwarushia madonge ya udongo, lakini moyoni nilikuwa na kiburi kikubwa. Hakuna mtoto mwingine katika nchi nzima ya Ugogo aliyekuwa akichunga farasi.

Paja lilijaa. Baba alikuja kila alipopata nafasi kutoka bomani, akasimama nyuma ya farasi na kulinganisha mapaja mawili kwa viganja vyake, jicho moja limefumbwa, kama fundi anayetazama ukuta kama umenyooka. Alipotoka hapo alikuwa akipiga mluzi. Na katika kuona hivyo sote tulifurahi mno, hata hakuna aliyejiuliza swali ambalo mtu wa farasi angejiuliza mara moja, na ambalo watu wa ng'ombe hawangelifikiria kabisa: kama farasi huyu angekwenda pasipo kuwapo ng'ombe. Kwetu sisi mnyama kufuata kengele lilikuwa jambo la kawaida kama mtu kufuata njia.

Habari ya kurudi kwa Bwana Shauri ililetwa na askari jioni, amri ikiwa ni kwamba farasi aonekane bomani asubuhi. Siku hiyo hiyo lile jike jeusi lilikuwa limezaa. Nyumbani kwetu ng'ombe aliyezaa hakuvaa kengele mpaka kitovu cha ndama kikauke, ili mnyama wa porini asijue ndama amelala wapi. Mjomba alikuwa amekwisha kuivua na kuitundika kwenye mwimo wa mlango.

Kulipopambazuka baba alivaa kanzu safi na kofia yake nyekundu ya kazi. Alimtia farasi hatamu, akamwambia, "Bismillahi, twende bwana," akavuta. Farasi hakwenda. Akavuta tena. Mjomba akasukuma kwa nyuma, akatukana kwa Kigogo, akaomba radhi kwa mama, akasukuma tena. Farasi alikuwa mzima, amejaa, anang'aa, na amesimama kama gogo. Nilitazama mahali nilipozoea kutazama. Masikio hayakuwa yamelala wala kusimama kwa uchungu. Yalikuwa yameelekea kwenye mwimo wa mlango, yanangoja.

Niliichukua kengele nikaitikisa. Farasi akapiga hatua.

 Mjomba akaketi chini, uani pale, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Shemeji! Shemeji, mmemfanya Mgogo! Sasa mtafutieni mke!"

Baba hakucheka. Tulikwenda njia yote kwa mtindo huo, mimi mbele na kengele, farasi nyuma yangu, baba kando akishika hatamu iliyolegea, mama akifuata. Tulipouona ukuta wa boma, baba alisimama. Alichuma nyasi kavu, akaizibia kengele hadi mdomoni isilie, akampa mama.

"Hapa inatosha. Mbele ya Bwana Shauri farasi ataongozwa na saisi. Siwezi kuingia bomani nyuma ya kengele ya ng'ombe. Watasema nini?"

"Watasema farasi anatembea," mama alijibu.

"Atatembea. Njia ameshaianza, ataimaliza." Na kweli, kwa kuwa nyumbu wa bomani walikuwa wakipita langoni na maji, farasi aliwafuata akaingia ndani, na baba akatugeukia kwa uso wa ushindi. Mama na mimi tulibaki nje ya uzio wa minyaa, pamoja na watu wa mjini waliokuja kutazama.

Kiwanja cha gwaride kilifagiliwa kikawa cheupe. Bwana Shauri alisimama kivulini, amekonda kwa safari, mikono nyuma. Askari walijipanga ukutani. Nyumbu waliingizwa bandani, mlango ukafungwa, na baba akabaki katikati ya kiwanja, yeye na farasi.

"Mtembeze," alisema Bwana Shauri.

Baba alivuta hatamu. Nilijua kabla hajavuta. Farasi aliangalia huku, akaangalia huku, akimtafuta mtu wa kumfuata. Alipokosa, akasimama imara. Baba alizungumza naye, akamgusa bega la kushoto kwa adabu zote za pwani, akasogeza uzito wake, akavuta tena. Hakuna.

"Saisi!" aliita ombasha, ili wote wasikie. "Umetuletea farasi au umetuletea sanamu? Tumjengee nguzo kabisa?"

Askari wakacheka. Bwana Shauri hakucheka. Alimwambia ombasha neno moja, na ombasha, sharubu zake zikitulia ghafla, akageuka kuelekea ghala ya silaha. Mgongo wa baba nilikuwa nikiuona kupitia minyaa. Kanzu ilikuwa imemganda kwa jasho, na mkono wake ulikuwa ukipapasa shingo ya farasi, juu na chini, kama mtu anayeaga.

 Mama aliitoa nyasi kwenye kengele, tita zima kwa vidole viwili, akanivisha kamba yake shingoni. Chuma kilikuwa cha baridi na kizito kuliko nilivyodhani.

"Nenda kama yule jike," aliniambia. "Taratibu. Na usigeuke nyuma. Kiongozi hageuki."

Nilipenya kwenye minyaa, nikaingia katika kile kiwanja cheupe. Nakumbuka kelele. Askari mmoja alisema, "Na huyu nani?" Mwingine akasema, "Ng'ombe wa saisi!" na kicheko kikabingirika ukutani kote. Nilipita mbele ya pua ya farasi nisimtazame. Nilitembea kama jike jeusi, nikiyumba mabega, na kengele ikagonga kifuani pangu kwa sauti yake nzito yenye mkwaruzo. Mbele yangu palikuwa na mlingoti wa bendera. Nyuma yangu palikuwa kimya. Nilitamani kugeuka kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Sikugeuka.

Kisha nikasikia kwato. Hazikuwa tatu na mburuzo, kama siku ile ya kurudi kutoka korongoni. Zilikuwa nne, kila moja na neno lake.

Kicheko kilikatika kama kilivyoanza. Tulizunguka mlingoti, mimi na yeye, na baba akitembea ubavuni kwake akiwa ameishika hatamu kwa ncha za vidole. Tulipopita kivulini nilimwona Bwana Shauri amepiga hatua mbele na kuinama, anatazama miguu ya nyuma.

"Mbio!" aliamuru.

Nilikimbia. Kengele iliruka, ikanipiga kidevuni, ikalia ovyo kama ng'ombe aliyevamiwa na nyuki, na nyuma yangu mwendo wa kwato ukabadilika, ukawa wa haraka, wa sawasawa. Pumzi ya farasi ilinifikia shingoni. Baba aliachia hatamu. Nikasikia upepo upande wangu, nikaona bega jekundu, kisha ubavu, kisha lile paja ambalo nilikuwa nimelitazama likijaa siku baada ya siku, likikunjuka na kujikunja mbele ya macho yangu. Na farasi akanipita. Akaipita kengele. Aliuzunguka mlingoti peke yake, mkia juu, hana wa kumfuata, akazunguka tena kwa sababu alitaka, na watu wa mjini nje ya uzio wakapiga vigelegele kana kwamba ni harusi.

Ombasha alitoka ghalani na bunduki mkononi, akasimama akitafuta pa kuiweka.

Bwana Shauri alimsubiri farasi atulie, akaenda mwenyewe kumpapasa. Alibonyeza nyonga, akainua mguu, akauweka chini. "Nani amefanya kazi hii?"

Niliona baba akivuta pumzi. "Mimi na mke wangu, bwana mkubwa." Akanyoosha mkono kuelekea minyaa, ambako mama alikuwa amesimama na nyasi bado mkononi.

"Vizuri. Na hiyo kengele ni ya nini?"

Baba aliitazama kengele. Aliitazama kofia yake nyekundu iliyomwanguka vumbini wakati wa mbio. Aliwatazama askari, ambao wote walikuwa wakingoja jibu.

"Ni pambo tu, bwana mkubwa," alisema.

Kutoka nyuma ya uzio kilisikika kicheko cha mama, na hakuna mtu pale kiwanjani aliyekuwa na nguvu ya kutocheka naye. Hata Bwana Shauri alijifuta mdomo. Aliagiza pambo hilo litundikwe bandani, na baba aendelee na usaisi wake kama zamani. Hakuna aliyemtajia tena tuta la reli.

Baada ya hapo watu walituletea punda waliokazana viuno na mbwa wa mawindo walioteguka, hata mbwa mzee wa mfanyabiashara mmoja wa mjini, aliyebebwa kwa machela kama bwana mkubwa na kurudi kwake kwa miguu yake. Mama alichua, baba alishika, mimi nikasoma masikio. Mjomba alilalamika kila kukicha kwamba kengele yake imeandikwa jeshini bila ridhaa yake, huku jike lake jeusi likiendelea kuongoza wenzake vizuri tu, bila chuma shingoni.

Lakini jioni ya siku ile ndiyo ninayoirudia zaidi. Tulirudi Miyuji kwa miguu, bila farasi, na nilipoketi uani miguu yangu ilikaza, nisiweze kuikunja. Mama alipasha gunia la pumba, akaupima ujoto wake kwa shavu lake. Akanilaza kifudifudi, akapaka samli, akaanza kisiginoni kwenda juu. Baba alikuja akachutama mbele yangu, kanzu yake ikiwa bado na vumbi la kiwanja.

"Masikio?" mama aliuliza kutoka nyuma.

Baba aliyashika masikio yangu mawili kwa vidole vyake, akayakagua kwa makini yote ya saisi.

"Yamelala," alisema.